Kichwa cha Mbuta na Pikipiki Yangu ya Bluu

Omera Ouma, rafiki yangu uliyenitangulia,

Mwalimu wa darasa la nne, pale elimu yangu ilipokatikia, alitufundisha kwamba barua huanza na "natumaini u mzima kama mimi". Sasa wewe nikuambieje hivyo, na sepetu ya kukufunika nilishika mwenyewe? Basi niseme tu: mimi mzima, wewe endelea kulala. Lakini kuna neno la zamani limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki.

Nilikuonea wivu. Haya, nimesema. Cheka.

Unakumbuka miaka ile ya themanini, sisi wawili tukiitana omera, yaani ndugu, tukibeba samaki kutoka ufuo wa Dunga, wewe ukiuza mtaa wa Migosi, mimi wa Manyatta? Wewe na pikipiki yako nyekundu uliyonunua kwa afisa wa kilimo aliyepewa uhamisho, tangi linang'aa kama nyanya iliyopakwa mafuta. Mimi na ile ya bluu niliyorithi kwa katekista, ekzosi imefungwa kwa waya, inakohoa kama mzee wa tumbaku. Ukiingia Migosi wanawake walitoka na makarai wakikuita kwa jina la sifa ulilojipa mwenyewe kwenye ngoma: "Jua la Asubuhi!" Mimi pia nilijipa jina, nikalitangaza kwa sauti mbele ya mpiga zeze la nyatiti. Kesho yake hakuna aliyelikumbuka. Hata mimi nimelisahau.

Hilo ningevumilia. Kilichonichoma ni Mama Atieno, mke wangu mwenyewe, siku ulipopita kwetu Nyamasaria. Alikuwa anachambua mboga, akasema, "Pikipiki ya Ouma inapita taratibu kama mtu aliyeshiba." Taratibu! Wiki nzima sikuiosha ile bluu.

Kisha ukaja na lile neno lako, tukiwa Dunga tunafunika samaki kwa majani.

"Omera, tubadilishane. Chukua nyekundu, nipe bluu."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi. Yangu ni ya bwana harusi. Yako ni punda, na mimi mizigo imenizidi. Tena magoti yangu yanagonga usukani."

Nilikuangalia usoni nikitafuta ujanja. Mtu gani anapeana kizuri chake akitabasamu? Moyo mmoja ukasema shika haraka. Mwingine ukasema, huyu Ouma akikupa mkono mmoja, angalia mwingine uko wapi. Tukakubaliana tujaribu asubuhi moja, halafu mchana tukutane kwangu tuamue.

Ee bwana, asubuhi hiyo nilikuwa mtu! Nilipita soko la Kibuye mara mbili na sina kazi huko. Lakini kufika Manyatta, kimya. Milango haifunguki. Nikazunguka, jua linapanda, samaki nao wanaanza kunitazama vibaya. Mpaka mama mmoja akatoka kumwaga maji, akaniona. "Kumbe uko hapa? Si sisi tunangoja kikohozi!"

Nikarudi nyumbani nimechelewa, koo kavu. Pale darajani, karibu na kwetu, nilipunguza mwendo, taratibu, kama mtu aliyeshiba, nikimwazia Mama Atieno akitoka mbio mlangoni. Hakutoka hata kuku. Nikaingia. Na wewe, Ouma, ulikuwa umekalia kiti changu. Kile chenye mto. Mbele yako ugali unatoa moshi, mkononi mwako kichwa cha mbuta. Kichwa! Mwanaume wa kando ya ziwa anaweza kugawa pikipiki, anaweza hata kugawa shamba. Kichwa cha samaki wa nyumbani kwake hagawi.

"Mama Atieno," nikasema, "kuna nini hapa?"

"Si nilikusikia darajani?" akajibu, bila wasiwasi wowote. "Hiyo kitu ikikohoa pale darajani ndio mimi naweka maji ya ugali. Siku zote. Mpaka nimalize kusonga, wewe uko mlangoni. Leo nimepakua, nageuka, ni Ouma. Sasa ningemnyang'anya?"

"Na kichwa?"

"Kichwa hakikuandikwa jina."

Na wewe, shetani wewe, ukainua sahani: "Omera, nimekuachia jicho moja."

Nilinyakua ufunguo wa bluu mezani kabla hata ya kunawa mikono, nikakutupia wako. Ukaniuliza nyekundu ina kasoro gani. Nikakuambia inaniumiza mgongo. Uongo mtupu; mgongo wangu haujawahi kukaa raha vile. Ila miaka yote hiyo nilidhani kukuta ugali wa moto ni bahati yangu tu. Sikujua kuna mtu amekaa jikoni ananisikiliza. Wewe ulisikilizwa na Migosi nzima, na bado ukaja kula kwa yule wangu mmoja!

Hata ulipokufa uliniudhi. Watu walijaa mpaka barabarani, wanawake wa Migosi wanalia kwamba jua limetua. Nikasema moyoni, hata kufa huyu anajua kunishinda.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Mama Atieno naye amekufuata, mvua hizi zikikaribia. Bluu iko kando ya ghala, kuku wanatagia kwenye kiti chake. Jana mchana niliwafukuza, nikapiga kiki mpaka goti likalia. Ikakohoa mara mbili. Nikageuka kuangalia jikoni. Mzee mzima na mvi zangu, naangalia jikoni.

Kwa hiyo huko mko wawili, na mimi huku na kuku. Unaona wivu unavyonipanda tena? Nisikilize vizuri, Ouma. Usijifanye kukohoa mbele yake. Kiti changu usikikalie. Mimi nikija sitakuja na nyekundu ya mtu. Nitakuja na ile yangu, waya na yote, na atanisikia tangu darajani. Na safari hii kichwa ni changu, macho yote mawili.

Lala salama, lakini mbali na jiko.

Ni mimi rafiki yako, mwenye wivu mpaka leo,
Baba Atieno