Mkebe Chini ya Mahindi

Ijumaa, Makongeni

Mimi ndiye niliyeficha mkebe wa filamu ndani ya gunia la mahindi. Sijamwambia mtu.

Filamu haina sauti. Waigizaji ni wafanyakazi wa shamba la kahawa huko Ruiru, na bibi harusi ni Cucu, nyanya yangu, akiwa msichana. Mwanzo wake umepotea, maana Cucu aliukatakata akafungia miti ya maharagwe. Imebaki harusi tu.

Leo alirudi yule mwanamume aliyekuja juzi kuiulizia filamu, anayesema ametoka makumbusho.

"Cucu, nipe nikaitengeneze, nitairudisha."

Nikamuuliza ofisi yake iko wapi. Akacheka. "Huyu ni askari?"

"Huyo hushuku hata kuku," Cucu akasema, akaenda kuuchukua mkebe. Hakuuona. Alirudi analia, akisema ameupoteza mwenyewe.

Mwanamume alisema filamu ikinuka siki, inaoza. Jioni nimefungua gunia. Inanuka siki.

Basi hapo hakudanganya. Lakini mengine...

Jumatatu nitaenda makumbusho mwenyewe, nimuulizie, ingawa naogopa kuongea na wageni. Hadi nirudi, tafadhali, Cucu asijue kwamba hakuipoteza yeye.