Mkasi wa Matundu Matatu

Shoga, kaka yangu ataniua kwa presha! Lile bango la duka letu la ushonaji, alilolichora marehemu baba kwa mkono wake, kalipaka rangi nyeupe lote!

Lote! Hadi ule mkasi wenye matundu matatu ya vidole! Juu kabandika plastiki inayong'aa.

Eti, "Dada, mkasi una matundu mawili. Baba alikosea, watu walikuwa wanatucheka."

Walikuwa wanacheka huku wanaingia, bwege wee!

Bado nafoka, mama mmoja kasimama mlangoni petu na kitambaa chake: "Samahanini, yule fundi wa matundu matatu kahamia wapi?"

Mlangoni petu, shoga!

Nikamgeukia kaka: "Haya, mwelekeze."