Filamu Aliyoililia Mume Wangu

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mpwa wako ameota jino, na cherehani yangu imepona.

Shemeji yako amepata mwenzake wa kuzungumza sinema, yule nesi aliyehamia chumba cha jirani. Kila jioni wako kibarazani wakibishana nani kaigiza vizuri na nani kaboronga. Juzi nikipeleka chai nikamsikia mume wangu akimwambia kuhusu filamu moja, “Yule mjane alipokunja nguo za marehemu, nililia.” Dada, tulimzika mama yake pamoja na sikuona chozi lake. Wivu ulinishika.

Jana nikamwacha mtoto kwa wifi, nikaenda kuitazama filamu hiyo peke yangu. Jioni nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.

“Mimi nililia yule mjane alipovaa shati la mumewe, akaendelea kupika,” nikasema.

Mume wangu akashangaa. “Kumbe unapenda sinema? Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza lini?”

Nesi akaaga mapema. Sisi tukabaki tukizungumza mpaka chai ikapoa. Mara nesi akakohoa nyuma ya ukuta, nami nikamkazia macho mume wangu. Hakugeuka.

Mdogo wako, ambaye bado anamchunga