Klachi mpya ya Kasiani na mama mkwe wake

Mwajuma uko wapi? Acha kupika, soma hii. Mbavu sina!

Kasiani, mume wa Paskalia, si alikuwa analalamika pikipiki yake inanguruma tu, mlima haipandi? Jana kafungua klachi mwenyewe pale uani. Kanunua pleti mpya, springi ngumu za kazi nzito, halafu pleti kaziloweka oili kwenye sufuria ya wali ya Paskalia. Hiyo kesi bado haijaisha.

Leo asubuhi kampakia mama mkwe wake na tenga la karoti. Unamjua yule mama na heshima zake za ukwe. Miaka yote hamtazami Kasiani usoni, na akipanda pikipiki tenga linakaa katikati yao.

Wamefika pale kwenye nyumba ya Mjerumani, mlima umesimama. Kasiani kaachia klachi ghafla, kama alivyozoea kuachia ile ya zamani iliyokuwa inateleza, kumbe hii mpya inashika papo hapo.

Mwajuma!! Pikipiki imeruka kama mbuzi! Tenga limechomoka, karoti bondeni, na mama mkwe kamkumbatia Kasiani kiunoni kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Usiniache, baba! Usiniache!"

Kamkumbatia mkwe wake! Mbele ya wanakwaya wote waliokuwa wanapita kwenda mazoezini!

Na hakumwachia mpaka sokoni. Kashuka, kafunga khanga vizuri, kageukia pembeni. Kasiani jasho linamtoka, anasubiri laana.

Mama akampigia Paskalia simu, Kasiani kasimama palepale: "Mwambie mwenzio Jumapili anipitie tena. Na tenga alifunge nyuma."