Damu ya Kitovu, Namba 41

Jumanne, 4 Machi

Vichupa vya damu vya kifuniko cha bluu vimeisha! Ni hivyo tu vinavyosafishwa visibaki na chembe ya madini, na watu wa stoo wanasema wiki ijayo. Saa nne akaingia mdogo wangu, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, jasho linamtiririka. Ni mimi niliyembembeleza ajiunge na utafiti wetu wa sumu ya madini ya risasi kwa wajawazito. Ningemrudishaje? Nikachukua kichupa cha kawaida, cha zambarau, nikabandika namba 41. Akacheka — dada, damu za watu umezimaliza, sasa umegeukia ndugu zako!

Nimekosea, najua. Niliona haya kumwambia arudi nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Mashine imetoa majibu. Namba 41, risasi: ishirini na tisa. Sisi tunaanza kushtuka ikifika tano! Nimesoma mara tatu.

Shemeji, mumewe, anayeyusha betri kuukuu za magari uani, anatoa risasi, anauza. Moshi ule nimeuona miaka yote, na chai nimekunywa palepale. Mimi, mpimaji mzima!

Jumatano, 19 Machi

Nimekiri kwa daktari mkuu wa utafiti. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema huenda risasi ilikuwa kwenye kichupa, si kwenye damu. Namba hiyo haihesabiki, na mama haambiwi kitu kisicho na uhakika. Basi tumpime upya? Haiwezekani, akasema: kamati ya maadili ya utafiti imepitisha kila mama atolewe damu mara moja tu akiwa mjamzito. Tusubiri damu ya kitovu, mtoto akizaliwa. Nikauliza, na kama ni kweli? Akavua miwani. Kwa kiwango hicho mjamzito hapewi dawa, akasema, anaepushwa tu na chanzo.

Chanzo chenyewe ndicho kinachowalisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwao. Namba sikuitaja. Nikasema tu, hamia kwa mama mpaka ujifungue. Mdogo wangu akaja juu: na mume wangu nimwachie nani? Shemeji akatania kwamba dada mkubwa hajampenda tangu siku ya posa. Nikasema moshi ule si mzuri. Akasema ameshanisikia, jiko la betri amelihamishia nyuma ya choo.

Hatua kumi na mbili! Nimezihesabu. Nikaaga nikiwa nimenywea.

Jumapili, 13 Aprili

Msichana! Kilo mbili na nusu. Mkunga akabana kitovu, nikavuta damu mwenyewe — kichupa cha bluu safari hii, nilitembea nacho mfukoni wiki nzima. Mtoto kalia kwa nguvu, wodi nzima ikacheka.

Nikamwomba Mungu kichupa cha zambarau kiwe ndicho kilichotudanganya. Sijawahi kuomba kosa langu liwe kubwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Damu ya kitovu: ishirini na nne.

Jumamosi, 26 Aprili

Jana sikuweza kuandika zaidi. Daktari anasema barua ya kumwarifu mama lazima ipite kwenye kamati, na kamati inakaa tarehe sita Mei. Nisifungue mdomo, nitavuruga utafiti na kazi nitaikosa. Wako akina mama mia mbili wengine, akasema. Kweli yote hayo.

Sasa niko kwao, chumbani. Mdogo wangu anaoga. Mtoto alikuwa analia, shemeji akaingia kutoka uani, akavua shati lake la kazi, jeusi kwa vumbi la betri, akalitandika kitandani na kumlaza juu yake. Kimya palepale! Akajisifu: harufu ya baba yake hiyo, bila shati hili binti hapati usingizi. Nikauliza, kila siku? Kila siku, tangu tutoke hospitali. Mama yake ndiye aliyegundua.

Mtoto amegeuza uso. Ananyonya ukosi.

Nimemwambia shemeji amwite mkewe, nina neno nao wote wawili. Akaniuliza kama nimepata mchumba. Ameenda kugonga mlango wa bafu.

Nimemnyanyua mtoto kutoka kwenye lile shati. Naandika kwa mkono mmoja. Analia, anajinyonga mikononi mwangu, anataka kurudi. Nao hao wanakuja, wanacheka.