Mzee Ezati na Tangazo la Saa Saba

Koboko, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utaanza kuigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani siku hizi anaandika kwa kalamu, tena mimi niliyekuwa napigwa na mwalimu kwa mwandiko wa kuku. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka bado ipo, au umeshawagawia majirani wote kama kawaida yako? Huku mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuseme vipi. Nina hofu, mama. Simu nimeizima tangu jana na nimeisukumia chini ya godoro, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kazi yangu hapa redioni. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa saba mchana, nasoma salamu na matangazo kwa Kiswahili, na matangazo yenyewe mengi ni ya vifo. Huku mtu akifariki, ndugu wametawanyika: mmoja yuko Arua, mwingine Aru upande wa Kongo, mwingine Yei, Sudan Kusini. Redio ndiyo inayowakusanya. Zamani sheria ilikuwa moja tu: aliyefiwa aje mwenyewe na karatasi yenye jina la marehemu, kijiji chake, na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Bila muhuri, hata ulie vipi, hatusomi. Nilipokuja miaka mitatu iliyopita niliona ni roho mbaya. Basi wakubwa wakasema dunia imebadilika, watu watume kwa WhatsApp, wasikilizaji hawapendi kusubiri. Nikafurahi kweli. Mjinga mimi!

Jumatatu, dakika tano kabla ya kuingia hewani, ikaingia kwenye WhatsApp sauti ya mwanamke analia. Alijitaja Candiru. Alisema baba yake, mzee Ezati, amekufa, kesho saa nne wanazika, na kaka yake Joel aliyeko Koboko hapatikani kwa simu, tafadhali redio imwambie. Hakutaja kijiji. Mtu anayelia hakumbuki kutaja kijiji, mama, ndiyo kazi ya ile karatasi. Lakini mimi namjua mzee Ezati! Nani hamjui? Ni yule wa Dadamu, karibu na Arua, anayetupigia kila siku kusalimia, anayeomba tusimsahau na kunde zake. Mwenzangu Alex, anayetunza ukurasa wetu wa Facebook akiwa kwake Awindiri, Arua, naye nilimrushia ujumbe, akamjua huyohuyo. Akatafuta picha yake aliyopigwa siku aliposhinda redio ndogo, akaibandika na maneno ya pole. Watu wakaanza kuandika chini yake: mbona hamtangazi, mnangoja nini? Nikaogopa kuonekana nimechelewa. Nikasoma, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikaongeza: "wa Dadamu."

Nusu saa haijaisha, simu ya studio ikalia. Ni mzee Ezati.

"Dada, mimi iko hapa Dadamu, nakula. Watu naingia kwangu na turubai, nalia. Nani iliua mimi?"

Mama weee! Akaendelea: "Na hiyo Candiru, mimi hapana jua yeye. Mimi hapana zaa mtoto ya jina hiyo." Alisema wazi kabisa. Nililisikia hilo neno na sikulishika, maana nilikuwa nafikiria ngozi yangu tu.

Ubaya ni kwamba dada wa huyo mzee alikuwa ameshaanguka njiani kwa kukimbilia msiba, akavunjika mkono. Picha ya mkono wake ilizunguka kuliko ile ya kwanza. Halafu matusi yakaanza. Wengine sauti, wengine maandishi. Waliosema nirudi Tanzania hao nilikuwa nawatarajia. Kuna mmoja hakutukana hata kidogo. Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai: "Sisi najua nyumba yako. Mlango yako iko ya bluu." Mlango wangu ni wa bluu, mama.

Meneja akaniita. Akasema chukua tangazo lako lilelile, neno kwa neno, mwishoni sema ni uongo, mzee ni mzima. Nikafanya hivyo. Nilisoma mara tatu siku ileile: "Mzee Ezati, baba yao Candiru na Joel, ni mzima, puuzeni taarifa ya kifo." Alex akafuta ile picha. Meneja akaniambia jina la Ezati lisitoke tena mdomoni mwangu katika redio hii, yakitokea mengine nitafute kazi kwingine. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nashukuru.

Siku zilizofuata niliishi kama bubu. Huku sura yangu haijulikani sana, sauti ndiyo inayojulikana. Sokoni nilikuwa nanyoosha kidole tu: nyanya hizi, kitunguu kile. Siku ya Jumatano mama mmoja muuza dagaa alinizidishia bei, nikasahau, nikasema, "Ah, mama, mbona hivyo?" Maneno manne tu. Akanitazama usoni. "Wewe iko ile mwanamke ya redio." Nikaacha dagaa, nikaacha na kikapu. Nilifika nyumbani nimebeba kiatu kimoja mkononi. Cheka, nakuruhusu, lakini mimi nilikuwa nalia.

Simu ya WhatsApp ya redio hukaa kwangu, lakini sikuifungua kusikiliza. Kulikuwa na jumbe zaidi ya mia, na kila nikiona ile namba inaongezeka naigeuza kifudifudi. Nikasema watachoka wenyewe. Ijumaa asubuhi ndipo nilipojikaza, nikaanza kusikiliza moja moja. Katikati ya matusi nikamkuta Candiru.

Alituma mara nne. Ya kwanza, dakika chache baada ya tangazo la kwamba ni mzima: "Dada, hapana. Baba yangu iko mwingine, ya Ajia. Yeye amekufa kweli. Sema tena." Ya pili, ileile. Ya tatu alikuwa ananong'ona: "Joel hajafika. Sisi nangoja." Ya nne ilikuwa ya Jumanne mchana, hakusema neno. Nilisikia watu wanaimba wimbo wa kanisani, na jembe.

Nilikaa sakafuni, mama. Wazee Ezati ni wawili. Yule wa Dadamu niliyemtangaza ni mzima. Yule wa Ajia, nako ni upande wa Arua, ambaye hajawahi kupiga simu redioni hata siku moja, alikuwa amelala ndani ya nyumba yake amekufa, na mimi nilisema mara tatu kwamba yu hai.

Jana huyo Joel alikuja redioni. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, karakana yake iko nyuma ya soko, na simu yake ilikuwa imeharibika wiki ile. Nilipoambiwa na mlinzi kwamba mtoto wa marehemu yuko getini, nilitafuta mlango wa nyuma. Ndiyo, mama, nilitaka kukimbia, sikufichi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Hakuja na fimbo. Aliketi kwenye benchi, kofia mikononi, macho mekundu ya moto wa kazi na ya mengine. Akanieleza kwamba Jumatatu saa saba alisikia majina yao redioni. Akaona kijiji si chao, lakini akasema redio imekosea kijiji, haiwezi kukosea watoto. Akafunga karakana, akapanda boda kuelekea Arua. Walipopumzika kunywa maji kwenye kibanda kimoja, redio ya mwenye kibanda ikasema baba yake ni mzima. Akamkumbatia yule wa boda. Akawanunulia soda watu wote waliokuwa pale, akageuza, akarudi Koboko kumaliza mlango wa mteja. Usiku ule alilala vizuri. Alhamisi jirani wa Ajia alimfuata karakanani, naye akaenda kulikuta kaburi.

Nilianza kuomba msamaha, maneno yakawa yanatoka bila mpangilio, Kiswahili chote mnachonisifia kikapotea. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Dada," akasema, "mimi iliamini wewe mara mbili."

Basi. Kisha akaanza kuizungusha kofia mikononi.

Nikamwuliza anataka nini. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Candiru alikuwa ameenda kwa mwenyekiti wa kijiji kule Ajia. Jina, kijiji, watoto, siku ya kufa, na muhuri wa zambarau umekaa pale chini. Anataka nisome tu. Nikamwambia, lakini kaka, ameshazikwa. Akasema watu wao wa Aru na wa Yei mpaka leo wanapiga simu kumsalimia baba. Candiru akiwaambia amekufa, hawamwamini. Wanasema redio ilisema ni mzima. Shangazi yao wa Aru amemfokea kwamba anamwua kaka yake kwa tamaa ya shamba. Candiru amekaa msibani peke yake na majirani, mama, anaonekana mwongo mbele ya ukoo mzima, na mwongo ni mimi.

Nilimpelekea meneja karatasi. Hakuigusa. Akasema hadhira ndiyo imeanza kutulia, ukilitaja jina hilo wataamka upya, na safari hii sitakutetea. Na kweli wataamka. Watasema huyu mwanamke anamwua tena mzee wa watu. Wengi hawatangoja kusikia neno Ajia. Watakata kipande, watasambaza. Yule wa mlango wa bluu sidhani kama amehama.

Ulikuwa unaniambia mdomo huponza kichwa. Sasa huu wangu umeponza vichwa vya watu nisiowajua. Usiku naota najibanza chini ya meza ya studio. Nikiwaza kurudi nyumbani, nauli ninayo. Halafu nawaza simu inalia kule Ajia, mtu anasema mpe baba nimsalimie, na Candiru ameishika.

Nisalimie kaka, mwambie redio ya kusikiliza kwa intaneti aliyokuwekea kwenye simu yako asiifute. Nisalimie shangazi wa vitumbua, na binamu fundi cherehani, lile gauni alilonishonea bado linanitosha ingawa nimepungua. Jirani yetu mwalimu mpe shikamoo yangu, mwambie nimeikumbuka bakora yake wakati nikiandika.

Barua hii naipeleka sasa hivi kwa dereva wa basi. Itakapokufikia, la kesho litakuwa limeshapita, jema au baya. Karatasi iko hapa mezani, nimeilalia kiwiko isipeperuke. Nimeisoma kwa sauti mara saba na bado nikifika kwenye jina naanza upya.

Kesho saa saba, mama, nitaisoma hewani.

Mwanao,
Saumu