Mkono wa Kulia wa Baba

Jumanne, 4 Juni

Leo nimerudi kazini. Walimu wenzangu wananipa pole kwa sauti ya chini, utadhani mimi ndiye mgonjwa. Nimesahihisha mitihani ya hesabu mpaka macho yakauma. Afadhali. Hesabu hazimpi mtu pole.

Nyumbani nimemkuta Shangazi, dada yake Baba, jikoni na Mama. Sisi tunamwita Redio, ila si mbele yake! Mimi navua viatu mlangoni, yeye yuko hewani. Eti Baba kabla ya kukata roho aliinua mkono wa kulia. Juu kabisa! Kisha akaushusha taratibu kifuani, akaenda zake. Nani kaona? Eti nesi.

Kwenye kanisa lao mkono wa kulia ndio kila kitu. Mtu aliyetoka kundini akitaka kurudi anauinua mbele ya waumini. Akiwa mahututi anauinua hapo hapo kitandani, inatosha, kafa ndani. Asipouinua kafa nje. Na waliokufa nje hawatakutana kamwe na waliokufa ndani. Ndivyo wanavyofundisha, na Mama anaamini hivyo tangu usichana wake.

Shangazi analia kwa furaha. Mama anamenya viazi.

Mimi nimesimama na kiatu mkononi. Mkono wa kulia? Baba alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia wote ukalala. Chai alinywa kwa kushoto. Redio yenyewe, ile ya betri, aliizima kwa kushoto. Hata Mchungaji alipokuja kumhubiria alimwonyesha mlango kwa kushoto.

Kuna kitu hapa.

Alhamisi, 6 Juni

Mchungaji kaja. Kwenye mazishi hatukumwona hata kivuli chake. Tulimzika Baba sisi wenyewe na majirani, bila mahubiri. Leo kaja na uso umenyooka, kakaa kwenye kiti cha Baba, hakuna aliyemwambia akae pale. Anasema kanisa limepokea habari njema. Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu ya Baba. Baba! Kanisani!

Kisha akasimulia. Aliuinua juu kabisa, akaushusha taratibu kifuani.

Taratibu kifuani. Maneno yale yale ya Shangazi.

Ndiyo kazi yangu hii. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, siwezi kusema kitu, jibu sahihi ni moja. Lakini wakikosea kosa moja, mahali pamoja, basi kuna aliyechungulia. Mimi huwa natafuta nani alikosea wa kwanza. Wanafunzi wananiita Darubini, wanafikiri sijui.

Hapa kosa ni mkono. Aliyelitunga hili hakumjua Baba baada ya kiharusi, au alimjua na hakujali.

Nimeshindwa kula. Nina hasira na sina pa kuipeleka. Maana Baba hakutoka kanisani kwa uvivu. Kaka yetu, mtoto wao wa kwanza, alikufa mchanga, kabla hajapelekwa kuwekewa mikono ili aingizwe kundini. Mchungaji wa wakati ule, si huyu, akasema mtoto kafa nje, hawezi kumzika. Baba akamzika mwenyewe na jirani mmoja. Hakukanyaga tena kanisani. Alikuwa akisema, tena kwa utani, huku ananyoa ndevu: mimi nitakwenda alikokwenda yeye, mtoto mdogo hawezi kukaa peke yake kule.

Mama alibaki kanisani. Sikuwahi kuwasikia wakigombana juu ya hilo. Jumapili Baba alimpigia pasi gauni, akamsindikiza mpaka kona, akarudi kusoma gazeti lake.

Sasa wanataka kumwingiza kwa mlango wa nyuma. Hayupo wa kukataa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Dada simu wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya maktaba. Yeye anaishi mbali, tangu kiharusi kaja mara chache na haraka haraka. Nilimshuku yeye kwanza, sitaficha. Dada anapenda mambo yaishe vizuri. Hata filamu anataka aambiwe mwisho kabla hajaanza kuitazama.

Kasema kaambiwa na Shangazi. Kaapa. Kisha akauliza: "We mdogo wangu, inakuuma nini? Mama analala usingizi sasa. Muache."

Nikamwambia Baba hakuwa na mkono wa kulia.

Akajibu: "Mungu hashindwi." Akakata.

Mungu hashindwi, sawa. Lakini mbona hakuweza mwaka juzi, wakati Baba anajifunza upya kufunga vifungo vya shati, anatoka jasho?

Jumatatu, 10 Juni

Nimetoka shule mapema, nimekwenda zahanati. Nesi ni yule yule aliyekuwa anakuja nyumbani kumgeuza Baba na kumkanda. Mwanamke mpana, mcheshi, Baba alimpenda, alikuwa akimwita bondia. Nilimsubiri kwenye benchi mpaka akamaliza foleni ya chanjo.

Nimemuuliza waziwazi: wewe ulimwona Baba akiinua mkono?

Kashangaa kweli. Hakuwa anaigiza, najua watu wakiigiza. Anasema siku ile alifika Baba keshaondoka. Mama ndiye aliyemfungulia mlango. Alichokikuta ni mkono wa kulia uko juu ya kifua. Akashangaa kidogo, kwa sababu mkono ule siku zote ulikuwa unalazwa ubavuni, juu ya mto mdogo. Akamtajia Shangazi tu, kwa mazungumzo, walipokuwa wanatandua shuka. Basi.

"Kifuani tu? Hukusema aliuinua?"

"Ningesemaje, mwalimu, na mimi sikuwepo?"

Nikamuuliza kama mkono ule ungeweza kujiinua. Hata kidogo. Hata mara moja tu, ya mwisho. Nadhani nilitaka aseme ndiyo, nashangaa mwenyewe.

Akatikisa kichwa. Vidole vyenyewe alikuwa anavikunjua yeye, kimoja kimoja.

Kwa hiyo Redio kapewa kifua, akajiongezea mwenyewe safari ya kwenda juu. Hilo nimelipata. Kutia chumvi ndiyo kazi yake, na mtu aliyeiweka chumvi hiyo nimemjua.

Lakini mkono haukutembea. Kuna mtu aliuweka.

Jumanne, 11 Juni

Mama alituambia tangu siku ya kwanza: alikuwa nje anaanika nguo, aliporudi ndani akakuta Baba keshakwenda.

Leo darasani, katikati ya somo la sehemu, chaki mkononi, nimekumbuka. Siku ile mvua ilinyesha kutwa! Bati la shule lilikuwa linapiga kelele mpaka nikawapa watoto mazoezi ya kimya. Mwalimu mkuu alipokuja kuniambia naitwa nyumbani nilikimbia na mwavuli wake.

Nani anaanika nguo kwenye mvua?

Nimemtazama Mama jioni yote. Kala vizuri. Anaimba wimbo wa kanisani akiosha vyombo, sauti yake imerudi. Nilidondosha kijiko, akaniambia jamani mikono yako, akacheka. Mama kacheka! Tangu mazishi nilikuwa sijamsikia.

Sikuuliza. Nimejiambia nitauliza kesho.

Jumatano, 12 Juni

Sikuuliza.

Jumamosi, 15 Juni

Shangazi na Mchungaji wamepanga kila kitu na mimi nimo kwenye mpango. Baada ya wimbo wa pili nisimame, niseme Baba karudi kundini. Kwa nini mimi? Mchungaji katabasamu. Eti kila mtu anajua mimi si mtu wa kudanganywa, neno langu litakuwa na uzito. Nesi hawamtaki, si muumini. Hawamtaki! Pengine Shangazi anajua vizuri kwa nini.

"Ni baba yako," kasema Shangazi. "Unataka akae nje kama mbwa?"

Nikamjibu nje kuna mtoto. Imenitoka tu.

Mchungaji akatazama viatu vyake. Nadhani hakuwahi kuambiwa kuhusu Kaka, ni kijana, kaletwa kanisani juzi juzi. Mama akainuka, akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nimemkumbuka Baba leo kwa namna mbaya. Nimekwenda kunusa koti lake nyuma ya mlango. Linanuka mafuta ya kukandia, halinuki yeye.

Nikisimama nitakuwa nimemtia mkononi mwa watu aliowakimbia maisha yake yote. Nikikataa, nitakuwa nimemwambia Mama mbele ya kanisa zima kwamba hatamwona tena. Mimi mwenyewe sijui kama kuna ndani wala nje. Lakini yeye anajua. Anayelala peke yake kwenye kitanda chao ni yeye.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi. Nimevaa, nimerudishia mlango wa chumba changu. Sebuleni Mchungaji na Shangazi wanakunywa chai. Gari la kanisa liko nje. Sijaamua.

Mama kaingia bila kubisha. Kavaa gauni jeupe. Mikunjo ya pasi haikukaa sawa, kazi hiyo haikuwa yake. Kakaa kitandani pangu, kaniambia nisisimame leo kama sitaki, hatanikasirikia.

Nikamuuliza. "Mama, siku ile ulikuwa unaanika nini, na mvua ile?"

Hakushtuka. Kalainisha gauni magotini. Ninaandika alivyosema, nisije nikayapindisha baadaye.

"Nilikuwa naye. Pumzi zilishaanza kupishana, moja huku, nyingine mbali. Nikamwambia, baba watoto, inua mkono basi, hata huo wa kushoto, nitamweleza Mungu mwenyewe. Akanitazama. Akatikisa kichwa."

Akatikisa kichwa! Baba yangu. Nilitaka kupiga makofi na nilitaka kulia.

"Hakuwa na hasira," kasema Mama. "Kama vile unamkaribisha mtu chai, anakwambia nimeshiba. Kisha akafumba macho. Nikaushika ule wa kulia. Mzito, mwanangu! Nikauinua juu kabisa, nikaushikilia mpaka pumzi ikaisha. Ndipo nikaulaza kifuani."

"Lakini alikataa, Mama."

"Alikataa. Nilimwona." Sauti yake ikapanda kidogo, akatazama mlango, akaishusha. "Wangekuwa wawili kule, yeye na mtoto wangu. Na mimi? Mimi nikae milele na akina Mchungaji?"

Nikacheka. Naye akacheka, huku anafuta macho kwa upindo wa gauni. Nimemshika mkono. Una baridi.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Anasema siku za mwanzo hakupata usingizi. Aliona kaiba. Alijua mkono ule haukuwa wa Baba, ulikuwa wake yeye, na Mungu si mtu wa kuchezewa hesabu. Alikuwa amejiandaa kukiri mbele ya kanisa, watakavyomfanya wamfanye. Ndipo Shangazi akaja jikoni na habari kwamba Baba aliinua mkono. Juu kabisa, kisha kifuani. Hivyo hivyo.

"Sikumwambia mtu," kasema. "Hata mmoja. Mlango niliufunga. Nikajua Mungu kaupokea, kamwambia Shangazi ili aniletee. Na kama kaupokea ule wa baba yako, basi huenda na mtoto..." Hakumaliza. Uso wake ulivyokuwa! Sijamwona na uso ule tangu nizaliwe.

Kisha akanishika goti. "Wewe ni mtu wa kuchunguza, huamini kitu mpaka ukigeuze. Niambie basi. Eti nesi kaona, na nesi nilimfungulia mimi, yameshaisha. Shangazi yako aliambiwa na nani, kama si Yeye?"

Najua aliambiwa na nani. Kaambiwa na nesi, wakati wanatandua shuka.

Shangazi anaita kutoka sebuleni, tunachelewa. Mama hainuki. Kakaa pembeni yangu, ananitazama mdomoni, na mimi ninaandika ili nionekane nina kazi.